Dawa za minyoo shuleni: utafiti wa Busia ulithibitisha nini hasa kuhusu masomo?

Mwalimu_Kwale

Waungwana, nawasalimu. Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika Kaunti ya Kwale, na kila watumishi wa afya wanapotuletea dawa za minyoo, ni mimi ninayesimama mbele ya wazazi kueleza kwa nini watoto wote wazimeze, wakiwemo wasio na dalili yoyote ya ugonjwa. Hoja ambayo wazazi wameizoea ni kwamba wataalamu walifanya utafiti Busia, wakaona kuwa mtoto aliyetibiwa minyoo husoma vizuri zaidi.

Katika kikao kilichopita, baba mmoja ambaye naye ni mwalimu alisimama akasema kwamba utafiti huo ulipingwa vikali na wanasayansi wa Uingereza, na kwamba hata waliofanya kazi hiyo hawakuona alama za mtihani zikipanda. Mama mmoja akaongeza kwamba mwanawe wa Gredi ya 5 amemeza dawa hizo tangu chekechea, na mpaka leo hawezi kusoma aya nzima ya hadithi bila kukwama. Niliahidi kuwaletea maelezo kamili muhula ujao.

Naomba mwenye kuufahamu utafiti huo anieleze ni kitu gani kilipimwa, kilipimwaje, na mabishano yaliyofuata yalihusu nini. Ningependa pia kujua kama kuna utafiti uliofanywa huku kwetu Pwani, maana Busia iko kando ya Ziwa Viktoria na mazingira yake si yetu. Wazazi hawa ni watu makini, na nisingependa kuwaambia jambo ambalo mmoja wao atalipangua kwa simu yake kabla kikao hakijaisha.

Mchumi_wa_Elimu

Mwalimu, pokea salamu. Huyo mzazi amesema kweli katika mambo yote mawili, ila habari yenyewe ni ndefu kuliko alivyoieleza.

Utafiti unaozungumziwa ni wa Edward Miguel na Michael Kremer, na ulichapishwa mwaka 2004 katika jarida la Econometrica. Kremer ndiye yule aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, kwa mchango wao katika njia hii ya kuipima miradi ya kupunguza umaskini kwa majaribio. Kazi ilifanyika katika shule 75 za msingi za Budalangi na Funyula huko Busia, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000, kwa kushirikiana na shirika la Kiholanzi lililokuwa likizisaidia shule za eneo hilo. Shule ziligawanywa katika mafungu matatu ya shule 25 kila moja: fungu la kwanza lilianza kupata dawa mwaka 1998, la pili mwaka 1999, na la tatu likasubiri hadi mwaka 2001. Kusubiri huko ndiko kulikowapa watafiti kitu cha kulinganisha, kwa sababu shule zilizotangulia na zile zilizobaki nyuma zilifanana kwa mengi isipokuwa dawa. Watoto walipewa albendazoli kila baada ya miezi sita kwa minyoo ya tumbo, na pale ambapo kichocho kilikuwa kimeenea sana wakapewa prazikwanteli mara moja kwa mwaka.

Ningependa wazazi wako waelezwe vizuri namna mahudhurio yalivyohesabiwa, kwa sababu hapo ndipo penye nguvu ya utafiti huu. Watafiti hawakutegemea rejista ya darasa, ambayo sisi tuliopitia ualimu tunajua inavyoweza kujazwa mwishoni mwa wiki. Walituma watu shuleni bila kutoa taarifa, wakahesabu waliokuwepo. Kwa hesabu hiyo, utoro katika shule zilizotibiwa ulipungua kwa takriban robo. Halafu likajitokeza jambo lililowapa umaarufu zaidi, kwamba hata watoto wa shule hizo ambao hawakumeza dawa walipungukiwa na minyoo. Sababu si ngumu kuielewa: mayai ya minyoo hutoka na kinyesi cha aliyeambukizwa yakaingia udongoni, kwa hiyo kila anayetibiwa anapunguza kile ambacho jirani yake angekikanyaga kesho. Tafiti nyingi za kabla ya hapo ziliwagawanya watoto wa shule moja, hawa wakapewa dawa na wale wakanyimwa, kisha zikashangaa kuona tofauti ndogo baina yao, ilhali wale walionyimwa nao walikuwa wakinufaika.

Sasa kuhusu alama. Mradi uliandaa mitihani yake wenyewe, ukawapa wanafunzi, na haukuona tofauti yoyote ya maana baina ya waliotibiwa na wasiotibiwa. Miguel na Kremer waliliandika hilo waziwazi katika makala ile ile. Kwa hiyo anayewaambia wazazi kwamba utafiti wa Busia ulithibitisha kuwa dawa huongeza alama anawasingizia watafiti kitu ambacho wao wenyewe walikikana.

Lililokuja baadaye ni la ajabu zaidi kwa maoni yangu. Watoto wale hawakuachwa. Sampuli yao ya watu wapatao 7,500 imekuwa ikifuatiliwa kila walikohamia. Ripoti ya mwaka 2016 ilionyesha kwamba wasichana waliosoma katika shule zilizotangulia kupata dawa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuingia sekondari, hata pengo baina yao na wavulana likapungua kwa nusu. Ripoti ya mwaka 2021, miaka 20 baada ya mradi, ilisema kwamba waliopata miaka miwili au mitatu zaidi ya dawa utotoni walikuwa na matumizi makubwa kwa asilimia 14 na kipato cha saa ya kazi kikubwa kwa asilimia 13, na kwamba waliofanya makao yao mjini walikuwa wengi zaidi. Takwimu hizo nazo zina wahakiki wake, hasa kwa sababu ni vigumu kueleza ni kwa njia gani vidonge vichache vinaweza kufika mbali hivyo bila kupitia alama za darasani, na mimi mwenyewe ningezitumia kwa tahadhari mbele ya wazazi.

Tabibu_wa_Pwani

Niongezee upande wa mabishano, kwa kuwa mimi ni wa afya ya umma na mgogoro ule uliwakutanisha watu wa fani yangu na wanauchumi.

Mwaka 2015, watafiti wa Chuo cha Usafi na Tiba za Kitropiki cha London walipewa takwimu asilia na Miguel na Kremer wenyewe, wakazikokotoa upya. Waligundua makosa katika hesabu, na lililo kubwa lilihusu faida iliyosemekana kuvuka kutoka shule moja hadi shule za jirani: makala ya awali ilidai kwamba ilifika hadi kilomita 6, lakini hesabu iliposahihishwa dai hilo halikusimama kwa umbali huo. Punguzo la utoro ndani ya shule zilizotibiwa lilibaki. Wakahoji pia mgawanyo wenyewe, kwa kuwa shule hazikugawanywa kwa kubahatisha. Ziliorodheshwa kwa alfabeti na kuhesabiwa moja, mbili, tatu. Wakaongeza kwamba ukizichambua takwimu za kila mwaka peke yake, ushahidi unakuwa hafifu kuliko unapoziunganisha. Waandishi wa awali waliyakubali makosa ya hesabu na kuyapinga mengine, na magazeti yakapata la kuandika.

Mwaka huo huo mapitio ya Cochrane, ambayo hukusanya majaribio yote ya jambo moja na kuyapima kwa pamoja, yalihitimisha kwamba kugawa dawa za minyoo kwa watoto wote wa eneo bila kuwapima hakuonyeshi faida kubwa kwa wastani, si katika uzito wao, si katika damu, wala katika masomo. Nchini India, jaribio kubwa mno la watoto zaidi ya milioni moja katika jimbo la Uttar Pradesh nalo halikuona punguzo la maana la vifo.

Mimi nakubaliana na Cochrane kuhusu wastani, ila nauliza ni wastani wa nini. Kabla ya dawa, zaidi ya asilimia 90 ya wanafunzi waliopimwa Busia walikuwa na angalau aina moja ya minyoo au kichocho, na mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998 huenda yaliongeza maambukizi. Ukiliunganisha eneo kama hilo na mahali ambapo mtoto mmoja kati ya kumi ana minyoo michache isiyomsumbua, lazima faida ionekane ndogo. Minyoo ya safura hunywa damu kwenye ukuta wa utumbo. Mwenye michache hajui kama anayo, lakini mwenye mingi, tena anayekula ugali na mboga bila chakula chenye madini ya chuma ya kutosha, huishiwa damu, akachoka, akasinzia. Kwa hiyo swali la kwanza kwa afisa wa afya wa kaunti yako ni hili: maambukizi ya watoto wa eneo letu ni asilimia ngapi leo? Shirika la Afya Duniani hupendekeza dawa mara moja kwa mwaka pale maambukizi ya minyoo ya tumbo yanapofika asilimia 20, na mara mbili yanapofika 50. Chini ya hapo, hoja ya kumpa kila mtoto inapungua nguvu.

Kuhusu Pwani, una bahati, Mwalimu, kwani utafiti mkubwa ulifanyika Kwale kwenyewe. Unaitwa TUMIKIA, uliendeshwa kati ya mwaka 2015 na 2017 katika vitengo 120 vya afya ya jamii, na matokeo yake yalichapishwa katika The Lancet mwaka 2019. Mahali pengine dawa ilitolewa shuleni tu mara moja kwa mwaka, pengine nyumba kwa nyumba kwa watu wote mara moja kwa mwaka, na pengine nyumba kwa nyumba mara mbili. Pale ilipotolewa shuleni tu, safura ilishuka kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8. Ilipopelekwa nyumba kwa nyumba mara moja kwa mwaka, ilishuka kutoka 17.9 hadi 8.0, na ilipopelekwa mara mbili, kutoka 20.6 hadi 6.2. Tofauti hiyo inatokana na tabia ya safura, ambayo hukaa sana miilini mwa watu wazima. Mtoto hutibiwa shuleni asubuhi, akarudi nyumbani kucheza pekupeku kwenye shamba ambalo watu wazima wasiotibiwa hujisaidia.

Kusini kidogo, Pemba, programu ya shule ya miaka ya 1990 iliyotumia mebendazoli ilionyesha jambo linalofanana na hili. Upungufu mkubwa wa damu ulipungua, ule mdogo haukuguswa, na minyoo ilikuwa ikirejea miezi michache tu baada ya dawa.

Bi_Kitengo_Maalumu

Naomba niseme jambo ambalo wenzangu wamelipita. Nafundisha kitengo maalumu cha watoto wenye ulemavu, na kila nikisoma tafiti hizi najiuliza ni nani aliyehesabiwa na ni nani ambaye hakuwepo wakati wa kuhesabu.

Dawa zinapotolewa shuleni, anayezipata ni mtoto aliyefika shuleni siku hiyo. Mtoto mwenye ulemavu wa viungo ambaye hajaandikishwa, na ambaye hutambaa chini katika ua ule ule wenye mayai ya minyoo, hazipati. Kadhalika msichana aliyeacha shule akawa mtumishi wa nyumbani, na mvulana aliyekwenda kuvua. Tena hao ndio aghalabu wenye minyoo mingi zaidi, kwa sababu zile zile zilizowatoa shuleni. Katika programu nyingi watoto wasioandikishwa hualikwa kuja shuleni siku ya dawa, lakini mwaliko unaotangazwa kwa wanafunzi huwafikia ndugu za wanafunzi tu, na mzazi anayemficha mtoto wake mlemavu hawezi kumleta mbele ya shule nzima kwa ajili ya kidonge kimoja.

Katika mradi wa Busia wenyewe, wasichana wa kuanzia miaka 13 hivi waliwekwa kando kwa kuhofia kwamba huenda baadhi yao ni wajawazito na dawa ingedhuru mimba. Ilikuwa tahadhari ya kitabibu ya wakati ule na siilaumu. Hata hivyo, ni wasichana wa umri huo ndio wanaopoteza damu ya mwezi juu ya ile inayonywewa na safura, kwa hiyo kundi lenye haja kubwa ya dawa ndilo lililobaki nje. Upande mwingine wa umri, watoto wa chini ya shule walikaa miaka mingi bila dawa ya kichocho inayowafaa, mpaka ilipotengenezwa prazikwanteli ya watoto wadogo; Shirika la Dawa la Ulaya liliitolea maoni ya kuikubali mwishoni mwa mwaka 2023. Matokeo ya Kwale aliyoyataja Daktari yananifurahisha kwa sababu hii hasa: mhudumu anayebisha hodi kila nyumba humkuta mtoto ambaye shule haimjui.

Mwalimu, ukizungumza na wazazi, usiwaulize tu kama wanakubali watoto wao wapewe dawa. Waulize pia ni watoto gani wa mtaani hawapo katika orodha yako.

Mwalimu_Kwale

Nawashukuru sana nyote. Bi, neno lako limenigusa na nitalifikisha kwa wahudumu wa afya ya jamii. Nina maswali mawili yaliyobaki. Mmoja wa wajumbe wa bodi anapendekeza kila mzazi achangie kiasi kidogo ili "wazithamini" dawa, wafadhili wakipungua. Na yule mama wa Gredi ya 5 bado hajajibiwa: kama mtoto anakuja shuleni kila siku na damu yake iko sawa, mbona hasomi?

Mchumi_wa_Elimu

La mchango lina jibu kutoka Busia kule kule. Mwaka 2001, miongoni mwa shule 50 zilizokuwa zikipata dawa bure, shule 25 zilichaguliwa ili wazazi wachangie sehemu ndogo ya gharama. Idadi ya watoto waliomeza dawa ilishuka kwa takriban asilimia 80. Kibaya zaidi, waliolipa hawakuwa wazazi wa watoto wenye minyoo mingi kuliko wengine, kwa hiyo ada haikuchuja wagonjwa kutoka kwa wazima, ilichofanya ni kuwaondoa watu. Kremer na Miguel waliliandika hilo mwaka 2007, na katika makala hiyo hiyo wakaeleza kwamba mafunzo ya usafi yaliyotolewa shuleni hayakubadilisha tabia ya kuvaa viatu wala kunawa. Ukikumbuka kwamba sehemu ya faida ya kidonge humwendea jirani, utaona kwa nini mzazi mwenye fedha kidogo hukinunulia kitu kingine. Gharama ya mradi wakati ule ilikuwa chini ya nusu dola kwa mtoto kwa mwaka. Mwambie mjumbe wako kwamba kuikusanya ada hiyo nyumba kwa nyumba kutaila yenyewe.

Mkaguzi_Mstaafu

La yule mama nitalijibu mimi, kwa kuwa ni la darasani na nimeyaingia madarasa mengi.

Mahudhurio humleta mtoto mpaka kwenye dawati. Kinachotokea baada ya hapo ni jambo jingine, na utafiti wa magharibi ya Kenya unalionyesha vizuri kuliko hotuba yoyote. Kremer na watafiti wengine, kwa kushirikiana na shirika lile lile, walikuwa wamegawa vitabu vya kiada katika shule za Busia tangu mwaka 1996, wakitarajia alama zipande kwa wote. Hazikupanda kwa wastani. Waliofaidika ni wanafunzi waliokuwa mbele tangu mwanzo, kwa sababu vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao, na vilifuata mtaala uliopangwa kwa mtoto mwepesi. Aliyekuwa nyuma alipewa kitabu asichoweza kukisoma.

Jaribio jingine, lililoanza mwaka 2005 katika shule 121 za magharibi, liliongeza mwalimu mmoja wa darasa la kwanza kwa kila shule ili darasa ligawanywe mara mbili. Katika takriban nusu ya shule hizo watoto waligawanywa kwa kiwango walichokuwa wamefikia, na katika nyingine kwa kubahatisha. Pale walipogawanywa kwa kiwango, wenye uwezo na wasio na uwezo wote walisonga mbele zaidi, wala haikuwa kama nilivyofundishwa chuoni kwamba walio nyuma hudhurika wakitengwa na wenzao. Mwalimu alipata nafasi ya kuanzia pale watoto wake walipo. Mimi bado nina wasiwasi na kuigeuza mbinu hiyo kuwa mikondo ya kudumu, kwa sababu najua mkondo dhaifu hupewa mwalimu gani. Lakini kuwapanga upya watoto kwa saa moja ya kusoma kila siku, bila kujali gredi, ni jambo ambalo shule yoyote inaweza kulifanya bila fedha ya mtu.

Mtoto wa mama huyo apewe aya ya Gredi ya 2 asome kwa sauti mbele ya mwalimu wake. Akishindwa, apewe maneno, akishindwa, silabi. Pale atakapoweza ndipo pa kuanzia, na apimwe macho kabla hajaitwa mzito.

Tabibu_wa_Pwani

Naunga mkono hilo la macho, na naongeza masikio.

Mwalimu, jambo la mwisho kwa siku yenyewe ya dawa: watoto wapewe chakula kwanza, hasa ikiwa mtatoa prazikwanteli, kwa kuwa ikimezwa na tumbo tupu huleta kichefuchefu na kizunguzungu, na mtoto mmoja akitapika uwanjani wazazi watawatoa watoto wao kumi. Kwa wadogo wa chekechea kidonge kisagwe kichanganywe na maji, kamwe mtoto asibanwe pua wala kulazimishwa. Na watoto wasiopewa siku hiyo kwa sababu ya homa au kwa kuwa mzazi hajaridhia, waandikwe majina kwenye karatasi ya kando pamoja na wale wa mtaani aliowataja Bi, kisha mhudumu wa afya ya jamii apewe nakala siku hiyo hiyo.